Pasha Mikono, Usipashe Bati

Wiki iliyopita jirani yangu, mwalimu mstaafu, alinisimamisha njiani nikitoka dukani. Tulipomaliza kamwene na shikamoo akanionyesha simu yake, picha za hita nne. "Fundi, nichukue ipi hapa? Nina elfu themanini tu." Mwalimu aliuza gari lake mwaka jana, na banda alimokuwa akililaza amelifanya karakana. Anatengeneza vigoda, meza ndogo za chai na mizinga ya nyuki. Sasa kipupwe kimeingia, vidole vinakufa ganzi, na benchi lake halijaguswa wiki mbili.

Sikumjibu pale pale. Nilimwambia, "Mwalimu, naomba kwanza nije nilione banda." Swali lake naulizwa kila mwezi wa sita hapa Mafinga, Mufindi, na wengi wanalianzia mwisho. Wanaanza na hita, kumbe tatizo liko juu ya vichwa vyao.

Mji wetu uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Njombe na Makete ndiko baridi inakozidi, na kule Kitulo, juu ya mita 2,600, kuna asubuhi nyasi huamka zimeganda. Sasa nyumba ya kulala ina silingi bodi, ina mapazia, ina watu na jiko linalopika. Banda la gari lina bati tupu, tofali zisizopigwa plasta, na geti la chuma lenye mwanya wa vidole vitatu chini. Mwezi wa saba uliopita niliweka kipimajoto juu ya benchi langu saa moja asubuhi, kikasoma nyuzi 9.

Fanya hesabu hii. Banda la gari moja lina paa la mita za mraba 20 hivi. Nje nyuzi 9, wewe ndani unataka 19. Kwa tofauti hiyo ya nyuzi 10, bati tupu linapitisha zaidi ya wati 1,000 kwenda nje, muda wote hita inapowaka. Hapo sijataja geti wala mianya. Ukinunua hita ya wati 2,000 ili upashe hewa ya banda la namna hiyo, zaidi ya nusu ya LUKU yako inapanda moja kwa moja kwenye bati. Na hewa ya moto ndiyo tabia yake, inapanda. Kichwa kitapata joto, miguu itabaki kwenye sakafu ya zege inayokunyonya damu.

Kwa hiyo ushauri wangu, na nausimamia, ni huu: usijaribu kulipasha banda. Jipashe wewe, pasha na gundi yako. Vingine viache na baridi yake.

Wauzaji hawakwambii kwamba uniti 1 ikiingia kwenye hita ya umeme, iwe ya elfu arobaini au ya laki tatu, inatoa joto lile lile. Hakuna hita ya waya inayokula umeme kidogo ikatoa joto jingi. Kinachotofautiana ni joto linakwenda wapi, na hapo ndipo pa kuchagua.

Hita ya feni inapuliza hewa. Sebuleni ni nzuri, lakini kwenye karakana ya mbao siitaki kabisa. Inalitimua vumbi la msasa, inalivuta ndani, vumbi linakaa kwenye waya mwekundu. Ile harufu ya kuungua unayoisikia dakika ya tano ni mbao yako inayochomeka ndani ya hita. Hita ya mafuta, ile yenye mapezi kama ya rejeta ya gari, ni salama zaidi kwa vumbi kwa sababu haina waya wa kuonekana, na mafuta yake hayaungui wala hayaishi. Ila ni nzito kuchangamka. Utasubiri nusu saa na zaidi, na mwisho wake ni kupasha hewa ile ile inayokimbilia kwenye bati.

Iliyobaki ni ya vijiti vya kioo vinavyowaka vyekundu. Hii ndiyo niliyomwambia Mwalimu achukue. Joto lake ni kama kuota jua. Unajua ile ya asubuhi unasimama ukutani upande wa mashariki, pumzi bado inatoka moshi mdomoni, lakini kifua na mikono vimeshapata moto? Jua halikusubiri kupasha hewa, limekupiga wewe. Hita ya vijiti ndivyo inavyofanya kazi. Kijiti kimoja cha wati 400 au viwili vya jumla ya 800, kikielekezwa kwenye benchi unaposimama, kinatosha kukunjua vidole ushike patasi.

Kwa pesa ni hivi. Nje ya ile tarifa ya chini, ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti 1 ukijumlisha makato inazidi kidogo Sh 350. Hita ya wati 2,000 kwa saa tatu ni uniti 6, yaani zaidi ya Sh 2,100 kwa siku. Ya wati 800 kwa saa hizo hizo ni uniti 2.4, kama Sh 850. Ukifanya kazi siku 26, ya kwanza inakaribia elfu hamsini na tano, ya pili haifiki elfu ishirini na tatu. Na kwa nyumba zilizo kwenye tarifa ya uniti 75 kwa mwezi, hita kubwa peke yake inazimaliza uniti zote kabla siku ya 13 haijaisha. Wengi wanashangaa kwa nini LUKU imepanda ghafla mwezi wa saba, na mchawi amesimama pale kwenye kona ya banda.

Jioni umeme ukiwa mdogo usiilaumu hita. Joto lake linashuka kwa kasi kuliko umeme wenyewe. Soketi ikishuka kutoka volti 230 hadi 180, hita ya wati 2,000 inakupa kama 1,200 tu.

Sasa nyaya, na hapa nina kovu. Mwaka juzi niliunguza ekstensheni. Ilikuwa imeandikwa 13A kwa herufi kubwa, nikaamini. Nilipochomeka hita ya wati 2,000, inayovuta karibu ampia 9, nikaendelea kupiga randa. Kama baada ya saa moja nikasikia harufu ya plastiki. Nilipoishika ile plagi ilikuwa laini kama mshumaa, na chini ya ekstensheni maranda yalikuwa yameanza kugeuka kahawia. Nilipoupasua ule waya baadaye nikakuta shaba nyembamba kuliko uzi wa kushonea gunia. Tangu siku hiyo hita yangu ina soketi yake peke yake, waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye breka, si ule wa 1.5 wa taa. Mlipe fundi umeme akuvutie. Ukinunua hita ya elfu arobaini na tano, tenga na pesa ya waya, maana hiyo ni sehemu ya bei yake.

Kama hita ni ya kusimama chini, ijaribu dukani kabla hujatoa pesa. Iwashe, iinamishe, ione inajizima. Isiyojizima irudishe kwenye rafu. Ikiwezekana chukua ile iliyotengenezwa kufungwa ukutani, iwe juu ya kichwa ikitazama chini kwenye benchi, mbali na maranda. Usiifunge juu ya rundo la mbao. Na siku ya kupiga sila au vanishi, zima moto wote, fungua geti, vumilia baridi. Mvuke wa thina ukikutana na kijiti chekundu, hilo banda hutaliona tena.

Nimeacha jiko la mkaa makusudi, kwa sababu ndilo ninalotaka kulisemea kwa sauti. Watu wengi huku wakisikia bei ya hita wanasema, kuna haja gani, jiko la mkaa lipo. Mimi nililitumia. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, mimi na kijana wangu wa kazi, geti tumelifunga, jiko katikati linawaka bila moshi hata kidogo. Tulikuwa tunakimbizana na oda ya milango. Kama saa nne kijana akakaa chini, msasa bado mkononi, akasema, "Bosi, kichwa kinanigonga." Nikamwambia anywe chai. Mimi mwenyewe nilikuwa na kichwa tangu saa tatu, nikadhani ni njaa. Alipojaribu kuinuka magoti yakakataa, akatapika pale pale kwenye maranda. Nilimburuta hadi nje kwenye nyasi, na mimi nikakaa kando yake, siwezi kusimama.

Ile gesi inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na mkaa uliokolea vizuri bila moshi ndio unaokudanganya zaidi. Kwenye damu inang'ang'ania chembe zinazobeba oksijeni kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni yenyewe. Mwili unakosa hewa huku unapumua vizuri kabisa, na usingizi unakuja mtamu. Kila kipupwe tunasikia za watu waliolala na jiko ndani hawakuamka. Ukiona kichwa kinauma na uko karibu na mkaa, usinywe chai wala panadol. Toka nje, mtoe na mwenzako, kisha muende hospitali. Yule kijana alipona. Mimi nikimwona leo na mtoto wake mgongoni bado moyo unanidunda.

Gesi ya mtungi ina nafuu kidogo upande huo, lakini nayo inahitaji dirisha wazi. Ukinunua kilo 15 kwa elfu sitini, ukagawa kwa joto lake, la kama uniti 13 kwa kila kilo, unajikuta karibu na bei ya umeme. Halafu kila kilo 1 ikiungua inamwaga mvuke wa maji wa zaidi ya lita moja na nusu. Mvuke huo unakwenda kwenye bati la baridi, unadondoka kwenye msumeno na randa. Sitaki.

Mwenye mbao nyingi za mabaki, na huku Mufindi nani hana, anaweza kumwambia mchomeleaji amtengenezee jiko la pipa lenye mlango na bomba la kutolea moshi nje. Hilo nalikubali, kwa masharti. Bomba likipita karibu na mbao za paa, papi au kenchi, liachiwe nafasi ya kutosha. Msindano una utomvu, masizi yanajaa, kwa hiyo bomba lisafishwe. Na usichome mbao ya dawa, ile ya kijani kama vipande vya nguzo, hata kipande kimoja. Kuna dawa yenye arseniki, na moshi wake na majivu yake ni sumu. Plaiwudi na MDF nazo zina gundi, ziache.

Gundi sasa. Gundi nyeupe ya mbao ikikauka kwenye baridi kali haishiki. Ukiitazama kwenye kiungo imekuwa nyeupe kama chaki, inapukutika kwa ukucha, wakati iliyokauka vizuri huwa kama ukucha wenyewe, inapitisha mwanga. Milango miwili ilinirudia kwa sababu hiyo kabla sijajua. Dawa yake ni kasha. Chukua kasha la mbao, libandike maboksi ndani, ning'iniza balbu ya zamani ya waya ya wati 60 isiyogusa kitu, weka chupa ya gundi humo usiku. Balbu za LED hazitoi joto la kutosha. Ikiwaka kwa muda wa saa nane ni kama nusu uniti, haifiki hata shilingi mia mbili. Thina na vanishi zisikaribie kasha hilo. Asubuhi, kabla ya kupaka, vile viungo vya mbao vilaze mbele ya hita dakika chache, na vikishabanwa kwenye klempu viache karibu na joto hadi gundi ishike.

Jana nimelikagua banda la Mwalimu. Nimemwambia hita ya elfu arobaini na tano itamtosha, waya na soketi elfu ishirini na tano, na zinazobaki anunue misumari. Chini ya geti tutapigilia tyubu kuukuu ya lori, niliyoipasua kwa urefu, inafunga mwanya wote. Juu ya benchi tu, si banda zima, tutapiga silingi bodi nne nilizobakiwa nazo kwenye kazi ya mtu. Zile picha tatu nyingine amezifuta mbele yangu. Mkewe alipotuletea chai aliuliza kama alitoe jiko la mkaa tupate joto kidogo, nikamwomba, "Hapana, mama, liache huko huko jikoni." Jumamosi fundi umeme anakuja saa mbili.