Kifafa hakiui kipaji cha muziki

Kuna mwandishi anayesema kifafa humpokonya mtu kipaji cha muziki; mimi nakataa kabisa. Nafundisha kwaya, na mpiga kinanda wetu ana kifafa tangu utotoni. Wimbo akiusikia mara moja anaupiga wote, sauti zote nne. Alipoanzishiwa kabamazepini, dawa ya kifafa, alinijia analalamika kwamba kinanda kimeshuka: akibonyeza C, sikioni inaingia B. Tukakipima, kilikuwa sawasawa. Kumbe madaktari wanalifahamu jambo hilo, na taarifa nyingi zimetoka Japani, kwa wanamuziki wanaotambua noti bila kupewa sauti ya kuanzia. Dawa hiyo inaweza kuwafanya wasikie noti zimeshuka kwa karibu nusu toni, na ikiachwa kwa utaratibu wa daktari, usikivu hurudi. Basi hapo kipaji kimekwenda wapi? Nakubali ubongo wenyewe ukiguswa mambo hubadilika: mwaka 1962, kule Montreal, Kanada, mtafiti wa ubongo Brenda Milner alionyesha kwamba wagonjwa wa kifafa waliokatwa sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio la kulia walipata shida kukumbuka mpangilio wa noti. Lakini huo ni upasuaji, si kila mwenye kifafa. Jamani, msiache dawa ghafla kwa kuogopea sauti zenu, maana mtu anaweza kupata mishtuko isiyokatika na kufa. Mwelezeni daktari mnachosikia. Kuna mwimbaji mwingine humu aliyesikia noti zikishuka baada ya kuanza dawa?