Baba Mkwe, Nyuki na Maua ya Meksiko

Kwetu Isevya, hapa Tabora, choo cha nje kipo usoni kabisa. Mgeni akifungua geti, hicho ndicho kinachomkaribisha kwanza. Mke wangu alikuwa hakipendi, basi muuza miche mmoja akamwuzia mmea wa kutambaa wa kukifichia: maua ya pinki, majani kama moyo. Akatutajia na jina la kitaalamu, Antigonon leptopus, asili yake Meksiko, jua kali haulijali. Kwa mji huu ambao Juni mpaka Septemba mvua tunaisikia redioni tu, tukaona tumepata.

Tulipata kweli. Msimu mmoja wa mvua ulipokwisha, choo kilikuwa hakionekani, dishi la televisheni limevikwa shela, na jirani akianua khanga zake anaanza kwanza kuzinyang'anya kwenye vikono vya mmea. Nyuki nao, Tabora hii ya asali, wakahamia mchana kutwa.

Ndipo baba mkwe akaja kutoka Sikonge. Ni mrina asali, mtu wa maneno machache. Baada ya ugali akaomba kopo la maji, akaelekea kwenye maua. Ule mlango wa bati huwa unagoma, akaubamiza. Lundo lote la juu ya paa likateleza, puu! likaziba mlango. Kilichobaki ni kichaka cha pinki, nyuki waliochanganyikiwa, na sauti ya mzee kutoka ndani:

“Nani kazima mchana?”

Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama nyuki.

“Vumilia kidogo, baba,” nikasema kwa adabu zote, nikiwa nimesimama karibu na geti. “Nyuki ni wengi, ngoja niwafukize.”

Akajibu kitu, sikukisikia vizuri. Nikaleta jiko la mkaa, nikapakia pumba na majani mabichi, nikapepea kwa ungo. Moshi ulikubali vizuri mno, ila upepo ukauchukua wote kwenye kidirisha cha choo. Nyuki wakaendelea na maua yao. Aliyefukizwa ni mkwe.

Kikohozi kile kilimleta jirani mbio na panga. Akafyeka, akavuta, mlango ukaachia. Mzee akatoka machozi yanamtiririka, balaghashia imebaki juu imeshikwa na vikono.

“Nilisema leta panga,” akasema. “Nyuki aliyefuata ua ana nini cha kulinda? Mkali ni wa mzingani.”

Nikajua ataondoka siku hiyohiyo, na binti yake ataondoka naye. Kumbe jioni namkuta amechuchumaa pale pale, anafukua. Mmea huu una viazi ardhini, ndiyo maana ukiukata unachipua tena. Akachagua vilivyonona, akavitia kwenye kiroba.

“Mizinga yangu itafurahi,” akasema.

Juzi kapiga simu mama mkwe. Hata salamu hakuzimaliza. Anataka kujua ni nani aliyemshauri mzee apande vile viazi nyuma ya bafu lake.