Ramani ya Hazina na Bomba la Gesti

Katika katuni ninazochora, yupo mhusika mmoja ambaye hanipi usingizi: mwanaakiolojia mwenye kofia pana na mjeledi kiunoni, anayehangaika toleo baada ya toleo kuitafuta dinari ya dhahabu ya sultani wa Kilwa. Kofia na mjeledi nimeviazima waziwazi kwenye katuni za Indiana Jones zilizochapishwa na kampuni ya Marvel kati ya mwaka 1983 na 1986. Kilwa sikuhitaji kuiazima popote, kwa sababu visa vyake vya kweli vinashinda vya kubuni. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu chache ufukoni katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, na tano kati yake zikaja kutambuliwa kuwa ni za shaba kutoka Kilwa. Mchoraji anayepewa kisa cha namna hiyo bure hana budi kufunga safari.

Nilikwenda Kilwa Masoko ili nivuke hadi Kisiwani kuchora Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lililojengwa juu ya jabali kando ya bahari, lenye bwawa la kuogelea la pembe nane. Boti ilikuwa ya asubuhi, hivyo usiku ule nilikaa gesti nikaunoa mkono kwa kuchora ramani ya hazina ya toleo lijalo: ukuta uliobomoka, kisima, bwawa la pembe nane, na mnazi uliopinda ambao niliuona dirishani nikaupenda. Chini ya mnazi nikatia alama ya X kwa wino mwekundu, kwani ramani ya hazina isiyo na wino mwekundu haimshtui msomaji. Nikaipaka chai ya rangi ili ionekane ya kale, nikaianika juu ya kiti, nikalala. Kulipokucha nikavuka, na mhudumu akaingia chumbani kufagia.

Aliyekulia Tanzania anajua kinachofuata mgeni anapoonekana na ramani. Huku kwetu simulizi za mali ya Mjerumani hazihesabiki: kwamba alipokuwa akimkimbia Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza alifukia masanduku ya dhahabu, akaacha alama kwenye mawe na miti. Simulizi hizo zina chembe ya ukweli, maana mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza kweli sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Ila walizitengenezea Tabora, na kutoka Tabora hadi uani kwa gesti yangu ni mwendo.

Niliporudi jioni nilimkuta mzee mmoja wa kanzu na kofia ananisubiri barazani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mimi si mtu wa tamaa. Asilimia kumi inanitosha.”

“Asilimia kumi ya nini, mzee wangu?”

Akatazama kushoto na kulia. “Ya hicho ulichokifuata.”

Nikamweleza kwamba mimi ni mchora katuni. Akacheka kwa upole, akasema hata yule aliyetangulia alijitambulisha kuwa ni mtu wa nyuki. Ili kumaliza ubishi nilimpa toleo la kwanza, akavaa miwani, akalisoma ukurasa kwa ukurasa huku uso ukimkunjamana. Kumbe ujanani aliwahi kuwa kibarua wa waakiolojia.

“Huyu mtu wako anavunja ukuta kwa teke?” aliuliza. “Sisi tulichimba kwa mwiko mdogo na brashi, ndani ya mraba uliozungushiwa kamba. Udongo wote unapita kwenye chekeche, na kila kigae kinatiwa kwenye mfuko wake na kuandikwa kilikotoka. Siku nzima mnateremka kina cha kiganja. Huu mjeledi ni wa kumchapa nani?”

Sikuwa na jibu, na hadi sasa sina. Alinirudishia kitabu kwa heshima, akanikumbusha habari ya asilimia kumi, akaenda zake msikitini. Nilipoingia chumbani, kiti kilikuwepo lakini ramani haikuwepo.

Usiku nilisikia vishindo vya jembe, nikadhani jirani anachimba msingi kukwepa jua. Alfajiri nilifungua bomba ninawe, likakohoa hewa tupu. Nje, chini ya mnazi uliopinda, palikuwa na shimo la kufika kifuani, maji yakifoka kutoka kwenye bomba lililokatwa katikati, jembe limetelekezwa, na ramani yangu inaelea, chai yote imeshatoka.

Mwenye gesti hakupandisha sauti. “Ramani ni yako,” alisema, “na alama ni yako. Changu hapa ni mnazi na bomba.” Akaniandikia risiti ya fundi, ya bomba jipya na ya kufukia shimo, na katika sehemu ya maelezo akaandika kwa herufi kubwa: UTAFITI WA MAMBO YA KALE.

Nikiwa bado nahesabu noti, nikamwona yule mzee anapenya kati ya watazamaji. Nilimkimbilia na risiti mkononi, nikamwomba achangie asilimia kumi yake.

“Mwanangu,” alinijibu bila haraka, “mimi na wewe tulizungumza habari ya kitakachotoka ardhini.” Akainama shimoni, akajaza ndoo aliyokuja nayo, akajitwika. “Kimetoka, na fungu langu nimelichukua.”