Msimfanye Mtunza Mabegi

Dada yangu aliugua polio akiwa na miaka mitatu. Tangu anaanza shule ya msingi hadi anamaliza darasa la saba, kipindi cha michezo kilikuwa na kazi moja kwake: kutunza mabegi. Sisi tukitimka uwanjani, yeye anabaki chini ya mti wa mkungu, magongo yameegemezwa kwenye shina, mabegi ya darasa zima yamemzunguka. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alimpenda, alimletea maji, na ole wake aliyethubutu kumtania mbele yake. Alichohofia ni kimoja tu, asije akaanguka. Na kweli, kwa miaka saba dada hakuanguka uwanjani, maana uwanja wenyewe hakuukanyaga.

Ule mkungu hunijia akilini kila zinapozuka kelele kuhusu mshiriki mwenye ulemavu kwenye vipindi vya mashindano vya runinga, hivi vya kupelekwa msituni, kukimbizana nchi hadi nchi au kucheza dansi mbele ya majaji. Mtu mwenye mguu wa bandia anatambaa kwenye matope, au mtu asiyeona anazungushwa jukwaani, na papo hapo wanajitokeza wa kumsemea. Anadhalilishwa. Anatumiwa kuvutia watazamaji. Waandaaji hawana utu. Huku kwetu klipu zenyewe hutufikia kwa simu zikiwa zimekatwakatwa, na chini yake watu wameandika "masikini" na "jamani, kwa nini wanamtesa?"

Mimi sehemu kubwa ya hasira hiyo naiona ni mkungu uleule.

Chukua mfano wa Sarah Reinertsen. Mwaka 2006 alishiriki The Amazing Race ya Marekani, yale mashindano ya watu wawili wawili kuzunguka dunia, yeye akiwa na mguu mmoja wa bandia. Mapema kabisa katika msimu ule washiriki walifikishwa China wakatakiwa kuukwea Ukuta Mkuu kwa kamba. Anayeiona picha ile bila kumjua mhusika atasema huu ni ukatili. Lakini mwaka mmoja kabla, Oktoba 2005, mwanamke huyohuyo alikuwa ameogelea kilomita 3.8 baharini Hawaii, akaendesha baiskeli kilomita 180, kisha akakimbia mbio ndefu za kilomita 42, vyote siku moja, akawa mwanamke wa kwanza mwenye mguu wa bandia kumaliza mashindano ya dunia ya Ironman. Na mwaka 2004 alikuwa amejaribu akashindwa, muda ulimwishia kwenye baiskeli. Alishindwa mbele za watu, akarudi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia ukuta huu si wako, kaa chini tukuletee maji, unamlinda na nini?

Tuna methali yetu, hujafa hujaumbika. Tumelelewa nayo. Ukimcheka mtu barabarani, bibi anakukata jicho na kukutajia hiyo. Nia yake ni njema na imewaokoa wengi na kejeli. Lakini isikilize vizuri. Ndani yake ulemavu ni baa, limempata yule, nawe zamu yako bado. Aliyekuzwa na sauti hiyo akimwona mtu mwenye mguu mmoja anakwea ukuta, haoni mkweaji. Analiona lile baa, anajiona yeye mwenyewe limemfika, anaogopa. Kisha anaipa hofu yake jina la huruma.

Na huruma ina bei. Kelly Bruno aliilipa mwaka 2010 kwenye Survivor iliyochezewa Nicaragua. Wasiokijua kipindi hicho: watu wanawekwa kambini bila chakula cha maana, wanashindana kwa nguvu na akili, kisha wanapigiana kura na mmojammoja anatolewa. Mwishoni baadhi ya waliotolewa ndio wanaomchagua mshindi wa dola milioni 1. Kelly ana mguu wa bandia na alikuwa mkimbiaji hodari. Kazi za kambi hazikumshinda. Kilichomfanya aonekane hatari ni hesabu iliyopigwa na baadhi ya wenzake tangu mwanzo: huyu akifika mwisho na mguu ule, watu watamwonea huruma wampe pesa, heri atoke mapema. Hakuwa ameiomba huruma hiyo, wala hakuwa amepewa bado, lakini tayari inahesabiwa kama deni lake. Nimeirudia sehemu ile mara kadhaa na kila mara inaniuma, kwa sababu namwona dada yangu alipoambiwa na jirani kwamba wateja wa cherehani yake wanakuja kwa kumhurumia. Dada anashona kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono kwa kuwa ya kukanyaga haimfai. Magauni yake yanakaa mwilini. Hilo jirani hakulisema.

Sisemi kwamba waandaaji wa vipindi hivi ni malaika. Ni wafanyabiashara, na chozi la mtazamaji kwao ni mtaji. Kuna ya kukasirikia, tena mengi, ila tunakasirikia yasiyohusika.

Mwaka 2007 Heather Mills, aliyepoteza mguu wa kushoto chini ya goti baada ya kugongwa na pikipiki ya polisi London mwaka 1993, aliingia kwenye Dancing with the Stars ya Marekani, mashindano ya dansi ya watu maarufu. Alicheza, tena siku moja akapinduka kinyumenyume jukwaani kwa ustadi ambao mimi mwenye miguu miwili sina. Nje ya jukwaa kulikuwa na kampuni ya kamari ya mtandaoni inapokea dau kama mguu wake utachomoka wakati wa kucheza au la. Hapo ndipo palikuwa pa kupigia kelele. Udhalilishaji ulikuwa kwa wale waliokaa wakiusubiri mguu uchomoke.

Au Christy Smith, mwaka 2003, mshiriki wa kwanza kiziwi wa Survivor, msimu wa Amazon. Aliwaelewa wenzake kwa kusoma midomo. Sasa fikiri msitu usiku, moto umefifia, na mchezo wenyewe unachezwa kwa kunong'onezana nani atolewe kesho. Midomo haionekani. Kazi za nguvu aliziweza kama wengine, ila mazungumzo ya gizani yalimpita. Hebu niambie, kati ya zoezi la nguvu na ule ukimya wa usiku, kipi kilimwonea? Lakini ukimya hauna picha ya kusambaza, kwa hiyo haumkasirishi mtu.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoitaka. Zoezi gumu si dhuluma. Dhuluma ni kumpa mtu zoezi gumu huku umemnyima njia ya kulifikia ambayo wenzake wanayo bila kuiomba.

Tazama inavyokuwa njia ikipatikana. Kwenye Strictly Come Dancing ya Uingereza mwaka 2021, Rose Ayling-Ellis, mwigizaji aliyezaliwa kiziwi, alicheza kwa kuhesabu hatua na kuusoma mwili wa mwenzake, Giovanni Pernice. Katika dansi mojawapo muziki ulikatwa kabisa kwa sekunde chache nao wakaendelea kucheza katika ukimya, hatua kwa hatua, bila kupishana. Ukumbi mzima uliingia katika dunia yake badala ya yeye kulazimishwa kuingia katika yao. Alishinda. Mwaka 2024 akaja Chris McCausland, mchekeshaji ambaye haoni. Watu waliuliza, waziwazi kabisa, mtu asiyeona dansi anaicheza vipi. Dianne Buswell, mwenzake wa dansi, alimfundisha kwa maneno na kwa kumgusa, huu mkono uende hapa, huu mguu uende kule, hadi Desemba naye akashinda. Wangesikilizwa waliomwonea huruma mwezi wa tisa, angebaki nyumbani.

Najua litakalofuata: je, wakiumia? Wanaumia, ndiyo. Mwaka 2019, kwenye Strictly hiyohiyo, Will Bayley, bingwa wa tenisi ya meza wa Paralimpiki, michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu, ya Rio 2016, aliumia goti mazoezini akalazimika kujitoa. Msimu uleule, Jamie Laing, kijana asiye na ulemavu wowote, aliumia mguu hata kabla ya wiki za mashindano kuanza, naye akajitoa. Habari ya Jamie tunaipokea kama ajali ya kazini, bahati mbaya, pole kijana. Ya Will inatusukuma kuuliza alipelekwa pale kufanya nini. Goti na mguu vimeumia vilevile. Swali ndilo tumelibadilisha. (Na mwaka uliofuata Jamie alirudi, hakuna aliyeona ajabu.) Usalama ulindwe kwa wote wawili, daktari awepo, na mtu akisema hapana iwe hapana. Lakini ruhusa ya kuumia ukiwa unafanya unachokipenda isiwe ya wenye viungo kamili peke yao.

Kuna upande wa pili wa hii sarafu ya huruma nao unanichosha, yaani sifa zisizo na sababu. Marehemu Stella Young, mwandishi na mchekeshaji wa Australia aliyetumia kiti cha magurudumu, aliwahi kusimulia kwamba alipokuwa na miaka 15 mtu mmoja mjini kwao alitaka kumpendekeza apewe tuzo. Wazazi wake wakashangaa, mbona hajafanya lolote la kutuzwa? Anasoma, anaangalia runinga, basi. Nampenda sana mama yule na baba yule. Walimpa mtoto wao haki ya kuwa wa kawaida. Na anayestahili sifa apewe kwa alichofanya: Henry Wanyoike wa Kenya, asiyeona, alipochukua dhahabu ya mita 5,000 Sydney mwaka 2000, aliyeishiwa nguvu karibu na mstari alikuwa mwongozaji wake anayeona, na Wanyoike ndiye aliyehangaika kumfikisha. Hapo nani alikuwa wa kuonewa huruma?

Juzi nilimwonyesha dada klipu ya Noelle Lambert kwenye Survivor ya mwaka 2022. Noelle alipoteza mguu juu ya goti, akaja kuwa mkimbiaji wa Paralimpiki Tokyo. Katika shindano lile kulikuwa na gogo jembamba la kupita kwa kulinganisha mwili, na mguu wa bandia haukuwa unashika. Anateleza, anarudi mwanzo, anateleza tena. Wenzake wameshavuka wako mbali. Mimi nilikuwa nimeshaanza kusema "masikini", nakiri, neno lilikuwa limefika mdomoni. Dada alikuwa kimya, ameisogeza simu karibu na uso. Noelle akavuka, akawakuta wenzake wanahangaika na hatua ya mwisho, akawapita wote akashinda. Nikamgeukia dada nikidhani nitaona machozi.

"Mdogo wangu, irudishe nyuma," akaniambia. "Pale kwenye gogo. Nataka nione ule mguu alikuja kuuweka vipi."