Si dharau, ni saini

Eti ligi yetu ya Kenya haimo kwenye gemu ya soka ya EA Sports FC kwa kuwa kampuni za gemu zaidharau Afrika. Sikubali, angalau si yote. Kampuni hununua haki: jina la ligi, nembo za klabu, majina na sura za wachezaji, na kila haki ina mwenyewe wa kutia saini. Brazil, mabingwa wa dunia mara 5, klabu zao zimewahi kuwekwa kwenye FIFA (jina la zamani la gemu hiyo) na wachezaji wa majina ya kubuni, sababu kule kila mchezaji auza haki zake mwenyewe. Juventus nao waliitwa Piemonte Calcio toka FIFA 20 hadi 22, walikuwa wameshafungana na Konami, kampuni pinzani ya gemu. Haya, kwetu: ligi iliendeshwa na kampuni ya KPL hadi 2020, FKF, shirikisho letu la soka, ikaichukua, 2022 FIFA, shirikisho la soka duniani, ikatufungia kwa muda. EA wangekaa meza moja na nani? Hapa Majengo vijana wa gemu huiunda klabu ya Bandari wenyewe ndani ya gemu, jezi na jina la kila mchezaji (na bado wagombania nani apige penalti). Kuna anayejua kama klabu zetu zimesajili hata nembo zao?