Humphrey wetu hakai kwenye kiti cha mkurugenzi

Baridi ya Juni hapa Uyole, Mbeya, imenifungia ndani, nikaamua kurudia Yes Minister, komedi ya BBC iliyoanza mwaka 1980. Waziri Jim Hacker anaingia wizarani na ari ya kubadilisha kila kitu. Katibu Mkuu wake, Sir Humphrey Appleby, anampokea kwa heshima zote, kisha anahakikisha hakuna kinachobadilika. Wala hambishii. Akitaka wazo life, analisifu kuwa ni la kijasiri, na waziri akikumbuka kura zake analizika mwenyewe.

Kuna kipindi cha hospitali mpya yenye watumishi wapatao 500 na mgonjwa hakuna hata mmoja. Hacker anashangaa. Humphrey naye anamshangaa Hacker: hospitali ni safi, inaendeshwa vizuri, kwani tatizo liko wapi?

Nilicheka, lakini nilicheka kama mtu anayemjua mhusika. Kwa miaka kadhaa nilikaa viti vya nyuma kwenye vikao vya mabaraza ya madiwani huku nyanda za juu kusini, nikiripotia redio. Diwani mmoja alisimama akapiga meza kwa ajili ya kalavati lililosombwa na mvua katani kwake. Watoto wanavuka mto kwa kubebwa mgongoni! Akajibiwa kwa upole: "Mheshimiwa, tumelipokea, tunalifanyia kazi." Kikao kilichofuata, kwenye muhtasari, lile kalavati lilikuwa limegeuka sentensi moja: wajumbe walijadili hali ya miundombinu. Basi. Kwenye yatokanayo, ile ajenda ya kufuatilia yaliyoamuliwa kikao kilichopita, hakukuwa na cha kufuatilia, maana hakuna kilichotokana. Na diwani wangu alinyoosha mkono kuuthibitisha muhtasari huo, kwa sababu kabrasha lilikuwa nene na alikuwa amelipata asubuhi ileile.

Komedi zetu hazijafika hapo. Orijino Komedi, lile kundi la vichekesho vya runinga, walituvunja mbavu kwa kuiga sauti na mwendo wa wanasiasa, nasi tukabaki na mazoea kwamba kichekesho ni mdomo wa mheshimiwa. Anayeandika muhtasari hachekwi na mtu.

Ila nawaonya waandishi wetu: msinakili tu. Humphrey anatamba kwa sababu mawaziri wanapita na yeye yupo. Kwetu mkurugenzi wa halmashauri ni mteule wa Rais. Taarifa ya utenguzi inaweza kumkuta mezani kwenye chakula cha usiku, wakati diwani ana uhakika wa miaka mitano. Humphrey gani huyo anayelala na begi limefungwa? Tena ndiye afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa kila shilingi ya halmashauri. Niliwahi kuona madiwani, uchaguzi ukiwa umekaribia, waking'ang'ania fedha za madarasa zihamishiwe kwenye barabara ya mnadani. Mkurugenzi alizunguka, akataja kasma, yaani vifungu vya bajeti, akataja kanuni, akaomba muda, hadi joto likapoa. Walimwita mkwamishaji. Mimi nilikuwa upande wake: hoja ya ukaguzi ikija, inamtafuta yeye, haimtafuti diwani.

Humphrey wetu halisi yuko ngazi za chini. Katika halmashauri hiyohiyo ya kalavati kulikuwa na mama mmoja wa masjala. Wakurugenzi watatu walikuja na kuondoka mbele ya macho yangu, kila mmoja na kasi yake, kila mmoja akitangaza kuwa hataki urasimu. Yeye alibaki na sweta lake la kijivu na chupa ya chai, akijua faili gani liko wapi na, muhimu zaidi, lisiwe wapi. Mimi ningemwandikia tamthilia nzima.

Siku moja nilimfuata kuulizia lile la kalavati. Hakuinua hata macho kwenye rejesta.

"Lipo, mwanangu. Liko kwenye mzunguko."