Kuznets na lawama mbili anazobebeshwa

Mjadala wa pato la taifa ukipamba moto, mwanauchumi wa Marekani Simon Kuznets hurushiwa lawama mbili. Ya kwanza ni kwamba alizifundisha serikali kuipima nchi kwa jumla moja ya fedha, zikasahau misitu, afya na kazi zisizolipwa. Ya pili ni kwamba aliwaambia maskini wavumilie, kwa kuwa uchumi unapokua pengo la kipato hutanuka kwanza, kisha hupungua lenyewe. Lawama zote mbili zina chembe ya ukweli. Lakini anayesoma maandishi yake mwenyewe, si muhtasari wa vitabu vya darasani, anakutana na mtu mwingine kabisa.

Tuanze na hali aliyoikuta. Mwaka 1932 Marekani ilikuwa katikati ya Mdororo Mkuu, anguko la uchumi lililoanza 1929, na hakuna ofisi ya serikali iliyoweza kusema uchumi umeanguka kwa kiasi gani. Kilichokuwepo ni vipande: uzalishaji wa chuma, shehena za treni, bei za hisa. Kwa vipande hivyo kila mwanasiasa aliweza kudai alichotaka. Seneti, kwa msukumo wa Seneta Robert La Follette Jr., ikaitaka Wizara ya Biashara ikadirie pato la nchi, na kazi ikakabidhiwa Kuznets, mzaliwa wa Pinsk aliyehamia Marekani mwaka 1922. Ripoti yake ilifika Seneti Januari 1934. Kati ya 1929 na 1932, pato la taifa lilikuwa limepungua kwa zaidi ya nusu.

Nusu hiyo inataka kuangaliwa vizuri, maana hunukuliwa sana na kufafanuliwa mara chache. Sehemu yake ilitokana na bei kushuka, kwa hiyo bidhaa na huduma zenyewe hazikupungua kwa nusu. Kikubwa zaidi ni kwamba Kuznets hakuiacha jumla isimame peke yake. Aliigawa kwa sekta na kwa aina ya kipato, na mgawanyo huo ukaonyesha aliyeumia. Ujira wa vibarua wa viwandani na wa ujenzi ulianguka kuliko mishahara ya wafanyakazi wa ofisini, na waliokuwa wakilipwa riba waliguswa kidogo mno. Mtu anayetaka kuificha hali ya wanyonge ndani ya wastani hafanyi kazi ya namna hiyo. Aliyekuja baadaye akachukua jumla na kuutupa mgawanyo ndiye wa kuulizwa.

Katika ripoti hiyohiyo aliandika waziwazi kwamba ustawi wa taifa hauwezi kupimwa kwa pato lake. Alitaja kilichoachwa nje, kazi za mama wa nyumbani zikiwamo, na akakumbusha kwamba nyuma ya kila kipato kuna jasho na adha ambazo hesabu haizioni. Mwaka 1937 alikwenda mbali zaidi: alitamani makadirio yanayotoa kwenye jumla vitu vinavyoidhuru jamii kuliko kuifaa, akataja silaha, sehemu kubwa ya matangazo ya biashara na shughuli za ulanguzi wa fedha. Kwa maneno mengine, hoja ambazo wakosoaji wa leo humrushia, yeye alizitoa kabla wengi wao hawajazaliwa.

Alishindwa, na walioshinda hawakuwa wajinga. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, wataalamu wa Wizara ya Biashara, Milton Gilbert akiwa mstari wa mbele, walisema serikali inahitaji kujua uwezo wote wa kuzalisha. Ukiondoa vifaru na ndege za kivita kwenye hesabu, nchi inayojiandaa kwa vita itaonekana inafukarika huku viwanda vyake vikifanya kazi usiku na mchana. Hoja hiyo ina uzito, na Kuznets mwenyewe, akiwa katika Bodi ya Uzalishaji wa Vita, alitumia takwimu kupima kama malengo ya silaha ya Rais Roosevelt yanatekelezeka. Alichokataa ni kipimo cha wakati wa dharura kugeuzwa kanuni ya wakati wa amani. Kanuni hiyo ndiyo iliyosambaa duniani.

Ilifika hadi kwetu Afrika. Mwanauchumi Mwingereza Phyllis Deane alikwenda Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland (Zambia na Malawi za leo) miaka ya 1946 na 1947 kujaribu hesabu hizo vijijini, akaona kwamba ukiacha kuni zinazookotwa na chakula kinachopikwa na wanawake umeacha sehemu kubwa ya uchumi wenyewe. Kanuni za kimataifa zikaendelea kuiacha kazi ya nyumbani nje. Kenya ilipobadilisha mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei na muundo wake wa uchumi hutumika kama msingi wa hesabu, mwaka 2014, pato lake lilipanda kwa takriban asilimia 25 kwenye karatasi. Marekebisho hayo yalikuwa halali, kwani takwimu za zamani hazikuona biashara nyingi mpya. Ila sufuria za nyumbani hazikuongezeka siku hiyo.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Katika hotuba iliyochapishwa mwaka 1955, Kuznets alikisia kwamba watu wanapohama kilimo kwenda mijini tofauti ya kipato hukua, kisha hupungua. Data ndefu alizokuwa nazo zilitoka Marekani, Uingereza na Ujerumani. Alikiri kwamba hotuba ilikuwa labda asilimia 5 ushahidi na asilimia 95 dhana, nyingine pengine zikiwa zimechanganyika na matamanio yake. Mwanauchumi Mfaransa Thomas Piketty ameonyesha kwamba baada ya 1980 pengo la Marekani lilirudi kupanuka, na kwamba kushuka kwa awali kulitokana sana na vita na kodi. Hapa wakosoaji wana haki: msomi mwenye jina lake alijua kwamba dhana ikitoka kinywani mwake itabebwa kama sheria, tena katikati ya Vita Baridi, wakati nchi tajiri zilikuwa na hamu ya kuziambia nchi changa kwamba neema ya ubepari itawafikia wote.

Hata hivyo, kodi na sheria zimo ndani ya hotuba ileile. Kuznets alizitaja kodi za urithi na maamuzi ya kisiasa kama nguvu zinazozuia mali kurundikana kwa wachache, na akaonya kwamba nchi maskini haziwezi kudhani zitapita njia ya nchi tajiri, kwa sababu zinaanza na kipato cha chini zaidi na matabaka yenye mwanya mkubwa zaidi. Sentensi yake ya mwisho iliwataka wanauchumi watoke kwenye uchumi wa soko pekee waingie kwenye uchumi wa siasa na jamii. Ni vigumu kumwona mwandishi wa sentensi hiyo akimwambia mkulima wa Dodoma asubiri.